Mwalimu Aliyetega Kosa kwenye Moyo

Isome yote kabla hujamtumia mwenzako. Wapo watu hutuma kitu ambacho wao wenyewe hawajafika hata katikati. Hii ni ya kufika mwisho.

Kule Tukuyu palikuwa na mwalimu mstaafu wa baiolojia, jina lake Gwakisa Mwakyoma. Tukuyu ni mji ambao mvua hunyesha hata siku uliyoanika nguo kwa kumtegemea Mungu, na mwalimu huyu alifanana na mji wake. Dakika hii jua, dakika hii radi. Lakini hata waliowahi kupigwa na radi yake walimpenda, kwa sababu alikuwa na kipaji kimoja kikubwa. Alijua kueleza.

Watoto wakitoka shule ya msingi wakaingia sekondari, hukuta masomo yamegeuka Kiingereza. Wanakariri maneno kama kasuku, mtihani ukipita na maneno yanapita. Mwalimu Gwakisa aliliona hilo, likamuuma. Akaanza kuandika maelezo ya baiolojia kwa Kiswahili, mada moja baada ya nyingine. Hakufundishwa na mtu namna ya kuandika kitabu. Aliandika anavyoongea.

Kuhusu jani aliandika hivi: "Jani ni jiko la mmea. Kuni zake ni jua. Unga wake ni hewa na maji. Anayepika hapo hajawahi kuomba kiberiti kwa jirani."

Mtoto akisoma hivyo hasahau tena.

Maelezo hayo aliyachapa kwenye kompyuta aliyonunuliwa na bintiye, Atupele, kidole kimoja kimoja, miaka nenda miaka rudi. Wanafunzi waliokuja kwake tuisheni aliwapa nakala, na kila ukurasa aliugonga muhuri mwekundu: USINAKILI.

"Kazi ya mtu ni jasho lake," alikuwa akisema. "Anayetaka kujua moyo unavyofanya kazi aje hapa, avue viatu, akae."

Sasa sikiliza ujanja wake.

Kijijini, mtu akiogopa kuku wake wasichanganyike na wa jirani, huwafunga kitambaa mguuni. Mwalimu Gwakisa naye aliifunga kazi yake kitambaa. Katika mada ya moyo aliandika kosa kwa makusudi. Ukweli ni kwamba damu ikitoka mapafuni huingia moyoni kwa upande wa kushoto. Yeye akaandika kulia. Wanafunzi wake mwenyewe aliwanong'oneza, mlango ukiwa umefungwa: "Pale kwenye moyo, geuzeni. Msiandike popote. Shikeni kichwani."

Kwa hiyo aliyepita mikononi mwake alijua ukweli. Aliyeiba angekutwa na kitambaa mguuni.

Kwake yeye huo ulikuwa ujanja wa haki kabisa. Mtego haumdhuru asiyeiba, alijiambia, akalala usingizi wake bila wasiwasi.

Basi siku moja akaitwa Mbeya na Bwana Chaula, mchapaji wa vitabu, akaenda na maelezo yake, lile la moyo ameshalinyoosha. Chaula aliyasoma maelezo yale amesimama, akajikuta amekaa, akajikuta amesahau chai yake.

"Mwalimu," akasema, "hiki nakichapa. Jalada la rangi, jina lako mbele, herufi kubwa hadi kipofu aulize ni nini hicho."

Mwalimu Gwakisa alirudi nyumbani siku hiyo na kitenge cha mkewe mkononi, yeye ambaye kwa kawaida hununua kitenge Krismasi kwa Krismasi. Hicho ndicho alichokitaka duniani kuliko kitu kingine: akishike kitabu chenye jina lake kabla hajaenda kaburini. Wala hakuficha. Aliwaambia majirani, akawaambia wazee wa kanisa, akawaambia na akina mama wanaouza parachichi stendi, ambao hawakumuuliza.

Kabla mashine hazijaanza kazi, Chaula akapiga simu.

"Mwalimu, umeniuzia mbuzi kwenye gunia."

"Mbuzi gani tena?"

"Kitabu chako kiko mtandaoni. Bure! Kila mwenye simu anakisoma akiwa amelala kitandani kwake. Mimi nitamuuzia nani?"

"Nani kakiweka?"

"Imeandikwa hapa chini. Mwalimu Tumpe, shule moja ya sekondari kule Kyela. Akiondoe kabla ya Ijumaa. Asipokiondoa, karatasi nilizokutengea wewe nachapia kalenda."

Mwalimu Gwakisa akakata simu, akaanza kutafuta koti.

"Unakwenda wapi na mvua hii?" mkewe akauliza. Mkewe huyo aliitwa Mama Atu, na alikuwa mtu pekee Tukuyu nzima ambaye radi ile haikumtisha.

"Kyela. Kumkamata mwizi."

"Kaiba nini?"

"Moyo wangu!"

Mama Atu akaweka chini kisu alichokuwa anamenyea ndizi. "Baba Atu, umri wako huo, mtu anakuibia moyo kutoka Kyela? Ni mwanamke?"

"Ni mwalimu!"

"Sikuuliza kazi yake."

"Mama Atu, mimi sina utani leo."

"Naona. Kofia umeivaa mbele nyuma."

Akaigeuza, akatoka bila kuaga. Mama Atu akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya migomba, akatikisa kichwa, akaongeza ndizi mbili sufuriani. Mtu wake akirudi kutoka kwenye ugomvi, siku zote hurudi na njaa.

Ukitoka Tukuyu kwenda Kyela unateremka, na kila unapoteremka baridi inabaki nyuma. Mwalimu Gwakisa alifika na koti lake zito la sufu, joto likamkaba shingoni, jasho likamtiririka mpaka kwenye soksi. Lakini hakulivua. Aliona kwamba mtu aliyekuja kushtaki hawezi kuingia ofisini na koti begani kama aliyekuja kununua mpunga.

Mkuu wa shule, Mwalimu Haonga, alimkaribisha kwa heshima zote, akamletea maji, akasikiliza shauri lake mpaka mwisho, kisha akamwita Mwalimu Tumpe.

Akaingia mwanamke kijana, vumbi la chaki hadi viwikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwizi?"

Mkuu wa shule akakohoa. Tumpe hakukasirika. "Inategemea kimeibwa nini, mzee wangu."

"Baiolojia. Yote. Kuanzia jani mpaka moyo."

Tumpe akalitazama koti lile la Tukuyu. Akamtazama Mkuu. Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, chaki ikabaki mashavuni.

"Ni wewe Mwalimu Gwakisa? Uko hai!"

"Ulitaka niwe wapi?"

"Sisi tulijua umeshatangulia mbele ya haki! Mwaka jana nilikutafuta mpaka nikachoka. Kwenye kila ukurasa kuna jina lako na muhuri wa kukataza. Hakuna namba ya simu, hakuna mji, hakuna shule. Kufuli tumeliona, Mwalimu, lakini pa kubishia hodi hapakuwepo. Mtu mmoja akatuambia labda ni marehemu. Na wanafunzi wakakuombea."

Mwalimu Gwakisa hakujua afanye nini na habari ya kuwa ameombewa. Ilimgusa mahali, na hakutaka kuguswa. Akarudi kwenye shauri lake haraka.

"Maneno matamu baadaye. Washa hiyo kompyuta. Mkuu, nitakuonesha ushahidi mbele ya macho yako. Fungua mada ya moyo. Soma kwa sauti, damu ikitoka mapafuni inaingia upande gani."

Tumpe akafungua. Akasoma: "Damu ikitoka mapafuni huingia chumba cha juu cha moyo, upande wa kushoto."

"Soma vizuri."

"Kushoto, Mwalimu."

Mwalimu Gwakisa akavaa miwani, akazunguka meza, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Kushoto. Na chini yake, kwa maandishi madogo, palikuwa na maneno haya: "Nakala tuliyoipata ilisema kulia. Tunaamini mkono wa Mwalimu Gwakisa uliteleza, maana mtu anayeeleza hivi hawezi kukosa hili. Tumerekebisha. Popote alipo, atuwie radhi."

"Mkono wangu haujateleza!" akapiga meza, bilauri ya maji ikaruka. "Ule ni mtego! Niliutega mimi mwenyewe, ili mwizi akamatwe!"

Nje zilisikika sauti za wanafunzi wakifagia.

Mtu asiyejua kuficha ana shida yake. Akikasirika husema ukweli, hata ule unaomgeukia mwenyewe.

"Mtego," Mkuu wa shule akarudia polepole. "Basi mtego ulikamata, Mwalimu wangu. Tumpe, mweleze ulimkamata nani."

Tumpe akakaa kwenye kiti.

"Mimi, Mwalimu, ni mwalimu wa jiografia. Shule hii haina mwalimu wa baiolojia. Aliyekuwepo alihamishwa, nikapewa chaki nikaambiwa, shikilia shikilia kwa muda. Nikawa nasoma jioni ninachokwenda kufundisha asubuhi. Ndipo msichana mmoja aliyewahi kusoma kwako akaniazima nakala yako. Nilisoma ule ukurasa wa jani, nikacheka peke yangu. Nilipowasomea darasani, watoto wakasema, mwalimu, rudia. Umewahi kusikia mtoto wa kidato cha pili anasema rudia?"

Bega moja la Mwalimu Gwakisa lilishuka kidogo.

"Ukaja mtihani wa utamilifu wa mkoa, ule wa majaribio. Kukawa na swali la moyo. Darasa langu zima likaandika kulia. Darasa zima, jibu moja, kosa moja. Wasahihishaji wakasema hawa wamepewa majibu. Matokeo yakazuiwa. Wakaja maofisa, wakawaita watoto mmoja mmoja, wakiwauliza, nani kakupa jibu? Kuna binti yangu mmoja anaitwa Sekela, anataka kuwa muuguzi. Alilia mpaka akapoteza sauti. Alikuwa anasema neno moja tu: nilisoma. Nilisoma. Tulipowaonesha ukurasa wako ndipo wakaelewa. Yule ofisa akaniambia, mwalimu, watoto wako hawajaiba, wamefundishwa vibaya."

Feni ya ofisini ilizunguka, ikalia, ikazunguka.

"Alilia?" Mwalimu Gwakisa akauliza.

"Alilia."

Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Mtego wake ulikuwa umemkamata mtoto aliyesoma. Hilo halikuwahi kumpitia akilini hata siku moja.

"Siku hiyo ndipo nilipoamua," Tumpe akaendelea. "Nikasema, kama sisi hatuna mwalimu wa baiolojia, shule kama yetu ziko ngapi? Na kama kosa lile lilikaa darasani mwangu sikulijua, nani atanionesha mengine? Mimi na wanafunzi wangu tukayachapa maelezo yako yote upya, tukayaweka kwenye tovuti ya walimu, bure, na ombi moja juu kabisa: anayejua zaidi yetu atuambie tulipokosea. Na jina lako likakaa palepale lilipokuwa. Kosa langu mimi ni moja, Mwalimu, na nalikiri. Nimeweka kazi ya mtu bila kumuuliza. Nilidhani hakuna wa kumuuliza. Leo yupo. Ukisema nifute, nafuta ukiwa umekaa hapo."

Mwalimu Gwakisa akashusha pumzi. Alitaka kusema pole. Kwa bahati mbaya, kiburi ni kama mgeni aliyezoea: unamfungulia mlango atoke, anakaa tena.

"Sawa," akasema. "La moyo ni langu, nalibeba. Lakini ni hilo moja, na mmeshalirekebisha. Kwingine kote kazi imenyooka. Kwa hiyo futa, mwanangu. Kitabu kichapwe, nitawaletea nakala za shule."

Tumpe na Mkuu wa shule wakatazamana.

"Lipo jingine," Tumpe akasema kwa sauti ya chini.

"Halipo. Nilitega moja."

"Ulimi, Mwalimu."

"Ulimi una nini?"

"Uliandika kwamba utamu tunauonja nchani, chumvi na uchachu pembeni, uchungu nyuma. Ukachora na ramani yake."

"Naam! Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha, ndivyo ilivyo. Vizazi vizima vimefaulu na ramani hiyo."

"Ndiyo. Sasa, unaruhusu nikuletee chumvi?"

Chumvi ikaja kutoka jikoni kwa wapishi wa shule, na sukari ikatoka kwenye kabati la chai la walimu. Tumpe akachovya ncha ya kijiti cha kiberiti kwenye maji ya chumvi.

"Toa ulimi, Mwalimu."

"Mbele ya Mkuu wa shule?"

"Toa tu, Mwalimu wangu," Mkuu akasema. "Mimi sitamwambia mtu."

Akatoa ulimi. Tumpe akagusa ncha yake, pale pale palipoandikwa kuwa ni pa utamu.

Mzee akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Chumvi naisikia, ila imetiririka pembeni," akasema.

"Futa ulimi turudie."

Akatoa leso, akafuta ulimi kama mtu anayefuta kiatu cha Jumapili. Wakarudia. Akarudisha ulimi mdomoni. Akaomba kijiti kingine. Akajigusa mwenyewe. Akaomba sukari, akaipeleka nyuma kabisa, nusura atapike, akatulia, akasema peke yake, "Tamu."

Mkuu wa shule naye uvumilivu ukamwishia, akachukua kijiti chake. Wanafunzi wawili waliokuwa wanafagia nje wakapita dirishani wakaona watu wazima watatu wametoa ndimi, wakaangusha fagio wakakimbia.

"Kila sehemu inaonja kila kitu," Tumpe akasema. "Zinapishana kidogo sana. Sekela ndiye aliyeanza. Aliuliza darasani, mwalimu, mbona mimi chumvi naisikia mbele? Nilitaka kumnyamazisha, maana kitabu kimesema. Nikakumbuka la moyo. Tukajaribu darasa zima. Halafu nikaliuliza swali lile kwenye tovuti, wakanijibu walimu kutoka Pemba, kutoka Kigoma, na mganga mmoja wa hospitali kule Ukerewe. Wakasema kosa hilo ni la zamani, limo katika vitabu vingi, watu wamelirithishana tu."

Mwalimu Gwakisa alikuwa bado ana kijiti mkononi.

"Hili," akasema, na sauti yake haikuwa na radi hata tone, "hili sikulitega."

"Najua, Mwalimu."

"Umri wangu wote ninakula na ulimi huu. Ndizi, mchele, maharage, hata dawa ya kwinini. Sijawahi kuuuliza."

Hakuna aliyecheka. Tumpe alimsogezea bilauri ya maji, akanywa yote.

Baadaye kidogo akatoa simu, akampigia Chaula, akaifungua sauti ili wote wasikie. Hakuwa mtu wa kuongea pembeni.

"Bwana Chaula, simamisha. Kitabu kina kosa. Kwenye ulimi. Na kama kuna moja nisilolijua, yatakuwepo na mengine. Kiache kwanza mtandaoni watu waendelee kukikagua, halafu tuchape kilichonyooka."

"Mwalimu, acha mambo hayo," Chaula akajibu. "Makosa tutarekebisha toleo la pili. Mzazi anayenunua kitabu anajua nini kuhusu ulimi? Wewe ondoa ile ya bure, mimi niwashe mashine."

"Unataka niuze kosa ninalolijua?"

"Nataka uuze kitabu."

"Ningekuwa silijui, ungeniita mjinga, na ningekubali. Nikilijua nikauza, utaniita nani?"

"Tajiri," Chaula akasema, akacheka.

"Basi chapa kalenda," Mwalimu Gwakisa akasema, akakata.

Halafu akakaa na simu mapajani, na wote wawili wakaona alivyoumia. Jalada la rangi lilikuwa limeondoka. Jina kubwa mbele lilikuwa limeondoka. Kwa mtu aliyekwisha kuwatangazia mpaka wauza parachichi, hicho si kitu kidogo. Tumpe alitaka kusema neno, Mkuu akamwashiria aache.

"Usifute," mzee akasema hatimaye. "Ila pale juu, andika ninavyokwambia. Neno kwa neno, usinirembee."

Tumpe akaweka vidole tayari.

"Andika: Kazi hii ni ya Gwakisa Mwakyoma wa Tukuyu, na ya wote walioisahihisha. Chukua. Soma. Fundishia. Mpe mwenzako, wala usimtoze. Ukiona kosa, sema. Mimi si marehemu. Namba yangu hii hapa." Akaitaja. Kisha akainua kidole. "Na lile dokezo la mkono kuteleza, litoe. Weka ukweli. Andika kwamba niliandika kulia kwa makusudi, kwa uchoyo, na walioumia ni watoto."

"Mwalimu, si lazima..."

"Binti, andika."

Akaandika.

"Sasa huyo Sekela yuko wapi?"

Kidato cha tatu walikuwa wamekaa wakisubiri kipindi. Mlango ulipofunguliwa wakamwona mzee mwenye koti la sufu katika joto la Kyela, wakajua kwa vyovyote huyu ni mgeni kutoka juu milimani. Mkuu wa shule akasema, "Huyu ni Mwalimu Gwakisa."

Sauti moja nyuma ikasema, "Yule wa jani?" Nyingine ikasema, "Si alikufa?" Halafu darasa zima likasimama kwa kishindo, "Shikamoo Mwalimu!" mpaka kuku wa jirani wakaruka uzio.

"Marahaba. Kaeni. Sekela ni nani?"

Akasimama binti mwembamba, macho chini, akidhani ameitwa kwa kosa. Maofisa walimzoesha hivyo.

"Sekela, la moyo lilikuwa kosa langu. Niliandika uongo nikijua ni uongo. Wewe ulisoma, ukaamini, ukalizwa. Nisamehe, mwanangu."

Si kila siku mtoto anaombwa msamaha na mtu mzima, tena mwalimu, tena mbele ya wenzake. Sekela alisokota ncha ya sweta lake.

"Nimekusamehe, Mwalimu."

"Ndaga, ahsante sana. Na lile la ulimi, umenishinda kihalali. Una swali?"

Binti akainua macho mara ya kwanza. "Ninalo. Mbona maelezo yako hayana figo? Tumetafuta mpaka mwisho, yanaishia kwenye ini."

Mwalimu Gwakisa akakuna kidevu. Figo hakuwahi kuiandika. Aliiweka kichwani, ndiyo mada aliyoijua vizuri kupita zote, na alihofia kwamba akiiandika itachukuliwa. Akavua koti. Akalitundika kwenye kiti. Akakunja mikono ya shati, akanyoosha kiganja kwa Tumpe, na Tumpe akaweka chaki.

"Figo," akaanza, "ni mama anayepepeta mchele. Hatupi vyote, habakizi vyote..."

Tumpe akakaa dawati la nyuma, katikati ya wanafunzi wake, akifungua ukurasa mpya kuandika. Mkuu wa shule alisimama mlangoni kwa dakika moja tu, alivyosema, na bado alikuwa amesimama kengele ilipolia, na kengele ilipolia hakuna mtoto aliyeinuka.

Ndipo simu ya Mwalimu ikaita. Ilikuwa Mama Atu.

"Baba Atu, ndizi zimepoa. Umemkamata mwizi wako?"

Mwalimu Gwakisa akalitazama darasa. Mikono ilikuwa imeinuka kila upande, wengine wamesimama kabisa wakinyoosha vidole, "Mwalimu, mimi! Mwalimu, hapa!"

"Nimewakamata, Mama Atu," akasema. "Wako darasa zima. Sasa wamekataa kuniachia."

*Funzo: Elimu unayoifungia kabatini huzeeka pamoja na makosa yake. Unayowaachia watu bure hukurudia ikiwa imenyooshwa. Anayeichukua kazi yako, akakusahihisha na jina lako akaliacha mahali pake, huyo si mwizi, ni mwenzako wa kazi. Mwizi ni yule aliyeliona kosa akanyamaza ili auze.*